Mbwa na ndege katika boma moja: hatari iko wapi?

Ikiwa unaishi katika mtaa wa Jogoo, Mwembe au Nyanchwa mjini Kisii, au una ploti kando ya barabara pale Keroka au Nyamira mjini, huenda boma lako lina mbwa. Wezi hawapigi hodi, na mbwa ni mlinzi asiyedai mshahara. Huenda pia una ndege: kuku sita au kumi wanaozurura uani na, kwa wachache wenye uwezo, kasuku ndani ya tundu sebuleni. Wote hawa hula, huenda haja na kulala katika eneo ambalo pengine halitoshi kuegesha malori mawili.

Kwingineko nchini mbwa na kuku waweza kupitisha kutwa nzima bila kukutana. Si huku Gusii. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Ukigawanya idadi hiyo kwa ukubwa wa ardhi, utapata zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba upande wa Kisii, na zaidi ya 600 upande wa Nyamira. Mashamba yamegawanywa kwa wana, yakagawanywa tena kwa wajukuu, hata mkulima wa Manga au Mosocho siku hizi hufuga uani kama afanyavyo mpangaji wa mjini. Esese na engoko, kama wanavyoitwa kwa Ekegusii, wamelazimika kuwa majirani wa karibu kupita kiasi.

Mbwa anapomla kuku, wengi wetu huhesabu hasara ya pesa tu. Kweli, tetea wa kienyeji anayeatamia mayai kumi si mali ya kuchezewa, hasa wakati shule zinapokaribia kufunguliwa na karo haijapatikana. Lakini ukurasa huu ni wa afya. Mbwa na ndege wanaoishi pamoja bila mpango hugawana wadudu, huchafua sakafu wanamotambaa watoto, na mara nyingine huanzisha vurumai ambayo mwisho wake ni binadamu kuumwa. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloua.

MTOTO KATIKATI YA UGOMVI

Fikiria jinsi mambo yanavyotendeka. Tetea mwenye vifaranga anasogelea sahani ya mbwa ili adonoe ugali. Mbwa ananguruma. Tetea, ambaye hamwogopi yeyote akiwa na watoto wake, anamrukia usoni. Mbwa anamnasa ubawa. Mtoto wa miaka saba aliyeachwa nyumbani anakimbia kumnusuru kuku, kwani anajua mama atakaporudi kutoka soko la Daraja Mbili ni yeye atakayeulizwa. Anamshika kuku upande mmoja, mbwa ameng'ang'ania upande wa pili. Sekunde chache baadaye meno ya mbwa yamo mkononi mwa mtoto.

Mbwa huyo si lazima awe mkali. Mbwa yeyote aliye na mawindo mdomoni hatambui mkono wa nani umeingia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba miongoni mwa watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wapatao asilimia 40 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Kwa hivyo, kabla hujajenga banda lolote, mfunze mwanao jambo moja: mbwa akimkamata kuku, asimguse yeyote kati yao. Amwagie mbwa maji, au agonge sufuria kwa mwiko apige kelele, kisha amwite mtu mzima. Kuku akifa, amekufa. Na mzazi naye asimchape mtoto kwa ajili ya kuku, la sivyo siku nyingine atautia mkono wake mdomoni mwa mbwa kwa hofu ya fimbo.

Sasa tuzungumzie kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, na zaidi ya karne moja baadaye ungali nasi. Mpango wa kitaifa wa kuuangamiza, uliotayarishwa kwa kipindi cha mwaka 2014 hadi 2030, unakadiria kwamba watu wapatao 2,000 hufariki kila mwaka humu nchini kutokana nao. Duniani kote makadirio ni watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa ya kumponya. Jambo la kutia moyo ni kwamba kutoka kuumwa hadi dalili kuanza kwa kawaida hupita miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Katika muda huo chanjo ina nafasi ya kukuokoa, mradi usicheleweshe.

Ndege hawahesabiwi miongoni mwa viumbe wanaoeneza kichaa. Ugonjwa huo ni wa wanyama wanaonyonyesha: mbwa, paka, ng'ombe, punda, binadamu. Hata hivyo, kuku ana njia yake ya kukuonya. Mbwa aliyeishi na kuku wako kwa miaka minne bila kuwagusa, kisha asubuhi moja akaanza kuwang'ata ovyo bila hata kuwala, amebadilika tabia, na mabadiliko ya ghafla ya tabia ni mojawapo ya dalili za mwanzo za kichaa. Usimpige ukidhani amekuwa mwizi. Mfungie mahali pasipofikiwa na watu, kisha umwite afisa wa mifugo.

Kuna pia kichaa cha kimya, na hiki huwahadaa wengi. Mbwa hakimbii wala habweki. Hujificha chini ya ghala, taya limelegea, mate yanamtiririka, sauti imebadilika. Mwenye mbwa hudhani mfupa wa kuku umemkwama kooni, akaingiza vidole mdomoni kuutafuta. Tafadhali, msomaji, usifanye hivyo. Hata kama kweli ni mfupa, mwachie daktari wa mifugo kazi hiyo.

Ukiumwa, au mwanao akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala majani yaliyotafunwa. Baada ya hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ile ya rufaa ya kaunti pale Nyamira, au kituo chochote cha afya kilicho karibu ambacho kitakuelekeza panapopatikana chanjo. Sindano hutolewa kwa awamu, ya kwanza siku ile ile na nyinginezo katika siku utakazopangiwa. Kwa majeraha makubwa huongezwa dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka kidonda. Utadungwa pia ya pepopunda ikihitajika. Usikatize dozi kwa sababu kidonda kimepona juu. Wengi huacha baada ya sindano ya pili, hasa nauli inapokuwa shida, na hilo ni kosa kubwa.

Mbwa aliyeuma akiwa anajulikana na anaonekana mzima, afungiwe na achunguzwe kwa siku 10, huku wewe ukiendelea na sindano. Akikufa au kuuawa, kichwa chake kisipondwe, kwa maana ubongo ndio unaopimwa katika maabara kuu ya mifugo ya Kabete. Kichaa cha mbwa ni miongoni mwa maradhi ambayo sheria inataka yaripotiwe, na tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimekuwa chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo huhitaji kwenda mbali. Piga ripoti katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, au kwa chifu.

Na yule kuku aliyeng'atwa? Desturi yetu ni kumchinja haraka kabla hajafa, akaliwa jioni. Ikiwa mbwa hajulikani, au alikuwa na dalili nilizozitaja, mzike kuku huyo kwenye shimo refu. Mshike kwa mfuko wa plastiki, wala usimnyonyoe kwa mikono yenye mikwaruzo, kwani mate ya mbwa yamo katika manyoya na majeraha yake. Najua si rahisi kufukia nyama ardhini wakati sufuria ni tupu. Lakini linganisha bei ya kuku mmoja na gharama ya sindano.

Mbwa wako achanjwe dhidi ya kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Kwa hivyo uliza ofisi ya mifugo ya wadi yako kampeni ijayo ni lini, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, na umpeleke mbwa akiwa amefungwa kamba.

NJAA NA RATIBA

Ukiwauliza watu kwa nini mbwa wao anakula kuku, watakwambia ana tabia mbaya. Ukitazama sahani yake utapata jibu jingine. Mbwa wengi wa huku hulishwa mara moja kwa siku, usiku, makombo ya ugali na labda mchuzi wa mboga. Kiumbe ambaye mababu zake waliishi kwa nyama anashinda na njaa huku nyama yenye mabawa inapita mbele ya pua yake. Kwa maoni yangu, huyo asiyeiba ndiye wa ajabu.

Mlishe mara mbili, asubuhi na jioni, na katika ugali wake changanya dagaa waliosagwa, damu iliyochemshwa au matumbo yaliyopikwa yakaiva. Natilia mkazo neno kupikwa. Ukichinja kuku na kumrushia mbwa utumbo mbichi, unamlisha vijidudu vya kuhara ambavyo atavirudisha uani pamoja na kinyesi chake, na pengine kwenye uso wa mtoto anayemlamba. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa. Huvunjika ikawa na ncha kama sindano, ikamtoboa matumbo. Naye asifikie chakula cha kuku cha dukani, kwani baadhi ya vyakula hivyo hutiwa dawa ya kuzuia kuhara damu kwa vifaranga, na dawa hiyo yaweza kumdhuru mbwa.

Jambo la pili ni ratiba, na hapa tuna bahati. Mbwa wa Gusii ni mlinzi wa usiku, kuku ni wa mchana. Basi wasikutane. Kabla hujafungua kizimba alfajiri, mfunge mbwa au mwingize bandani mwake. Jioni, kuku wote wakishaingia na mlango kufungwa kwa komeo, mfungulie. Kizimba kiwe kimeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha kiuno cha mtu mzima, sakafu ya fito au mbao zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini, na kuta ziwe na wavu imara. Waya mwembamba wa kuku humzuia kuku kutoka lakini haumzuii mbwa kuingia. Banda la mbwa liwe upande wa pili wa uwanja, na sahani yake iwe huko huko, iondolewe akimaliza kula.

Hata hivyo, usimfunge mbwa kwa mnyororo mfupi kutwa nzima juani. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa kila kinachosogea. Mjengee kibanda chenye kivuli na nafasi ya kugeuka, na maji yasikose.

Mtoto wa mbwa ndiye rahisi kufundishwa. Akiwa na miezi miwili au mitatu, mtembeze kwa kamba karibu na kuku kwa dakika chache kila siku. Akiwatazama kisha akakugeukia, mpe kipande cha chakula. Akitaka kuwarukia, mwondoe kimya kimya bila kumpiga. Baada ya majuma kadhaa atawaona kuku kama sehemu ya boma. Utasikia ushauri wa kumfunga mbwa mwizi kuku mfu shingoni mpaka aoze, ili achukie harufu yake. Achana na ushauri huo. Mzoga unaooza uliofungwa kwa mnyama anayezunguka karibu na watoto na vyombo ni uchafu mtupu, na ikiwa kuku huyo alikufa kwa mdondo, umeupeleka ugonjwa kila pembe ya kijiji.

Na kwa kuwa nimeutaja mdondo: mbwa hauugui, lakini anauchukua. Kuku waliokufa kwa ugonjwa huo wakitupwa kwenye ua la chai au kando ya kijito, mbwa wa jirani huwafukua na kuwaburura hadi kwako. Wachome au uwazike, na kuku wazima wachanjwe kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hutengenezwa humu nchini na KEVEVAPI na hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Nawe unawe mikono baada ya kuwashika kuku wagonjwa, kwani kirusi cha mdondo kikiingia jichoni mwa binadamu huweza kulifanya liwe jekundu na kuuma kwa siku kadhaa.

WADUDU WASIOCHAGUA

Mtazame kuku wako karibu na macho na kwenye kishungi. Ukiona madoa madogo meusi yaliyojikita ambayo hayaruki ukiyagusa, hao ni viroboto wa kuku. Sasa mshike mbwa, ukunjue ncha za masikio yake. Usishangae ukiwakuta hao hao. Viroboto hawa hung'ang'ania mahali pamoja wakinyonya damu, na kwao mbwa, paka na kuku ni sahani tofauti za mlo mmoja. Ukimtibu kuku ukamwacha mbwa, baada ya majuma machache utarudia kazi upya. Watibu wote siku moja, na siku hiyo hiyo uondoe matandiko ya kizimba na ya banda la mbwa, uyachome. Dawa uulize kwa daktari wa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikipakwa kuku kwa kukisia yaweza kumuua kabla ya kiroboto.

Funza naye ni ndugu yao. Hupenda vumbi kavu la sakafu ya udongo, hasa pale kuku wanapolala jikoni na mbwa kujilaza mlangoni. Mbwa hubeba funza kwenye nyayo kutoka boma hadi boma. Unaweza kuwatoa mtoto wako funza kila Jumapili na kumnunulia viatu, lakini ikiwa nyayo za mbwa hazijaangaliwa, funza watarudi. Nyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia, na ukiweza, isakafu kwa saruji.

Kuhusu kuku kulala jikoni: nafahamu kwa nini watu hufanya hivyo. Nje kuna wezi, vicheche na huyo huyo mbwa. Lakini kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyosababisha kuhara kukali, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Kizimba kilichojengwa vizuri ukutani nje kitakugharimu mbao chache na bawaba mbili.

Minyoo ya mbwa inahitaji neno zaidi, kwani wengi hawaijui. Mbwa huzaliwa nayo. Minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa tumboni, ndipo utamwona kitoto cha mbwa kina tumbo kubwa na mbavu nje. Mayai yake hutoka na kinyesi na yanaweza kukaa udongoni kwa miaka, na udongo wetu wenye unyevu unayafaa sana. Mtoto akila udongo huo, viluwiluwi vya minyoo huzurura mwilini mwake, vikaweza kufika ini, mapafu, na hata jicho. Kuku wanaochakura kinyesi cha mbwa humeza mayai hayo pia, na viluwiluwi vikakaa ndani ya ini lao. Basi mpenda maini ya kuku ayapike yakaive hadi ndani, yasiwe na wekundu. Safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya miguu mitupu, ikachora mistari inayowasha usiku kucha.

Kinga yake ni nyepesi. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia juma la pili na kurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi waachishwe kunyonya, na mbwa mzima kila miezi mitatu. Kinyesi kiokotwe kila asubuhi kwa jembe na kufukiwa kabla kuku hawajafunguliwa. Kisitiwe kwenye shamba la mboga.

KASUKU SEBULENI

Waliofuga kasuku si wengi huku, lakini wapo, na baadhi yao wana mbwa wa kizungu anayelala juu ya zulia. Kwanza ni suala la sheria. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu aliwekwa katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya mkataba wa CITES kuanzia Januari 2017, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Hapa Kenya msitu wa Kakamega ndio makao yake ya asili, na waliosalia ni wachache sana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka anayemfuga awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukiuziwa kasuku ndani ya katoni kwenye kituo cha magari, usimnunue.

Ikiwa unaye kihalali, jua kwamba hatari kubwa kwake si kuliwa bali kuguswa. Mdomo wa mbwa umejaa bakteria ambazo mwili wa ndege hauwezi kuzistahimili. Tundu dogo la jino, lisilotoa hata damu, laweza kumuua kwa siku mbili tatu. Mbwa akimnasa kasuku kwa mchezo, usingoje uone atakavyoendelea. Mfunike kwa taulo, umweke mahali penye joto na giza, umpeleke kwa daktari siku hiyo ili aanzishiwe dawa. Naye kasuku si mnyonge. Mdomo unaopasua kokwa ngumu hushindwaje na pua ya mbwa? Wengine hujifunza kumwita mbwa kwa jina lake kwa sauti ya mwenye nyumba, kisha wakamdonoa akifika karibu na tundu. Inachekesha, hadi mbwa apoteze jicho.

Tundu lining'inizwe kwenye ndoano imara juu ya kimo cha mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma, wala lisiwekwe juu ya stuli. Ndege akitolewa kunyoosha mabawa, mbwa awe nje na mlango umefungwa, sio umerudishwa tu. Wasiachwe wawili peke yao hata dakika moja, hata kama wamezoeana miaka kumi.

Chakula nacho kina mtego wa hapa kwetu. Kisii ni nchi ya avokado, na hakuna anayefikiri kwamba tunda hilo ni sumu. Kwa kasuku ni sumu. Kipande kidogo cha avokado chaweza kuudhuru moyo wake na kumuua. Mbwa huvumilia nyama ya tunda hilo zaidi, lakini kokwa lake likimkwama tumboni huhitaji upasuaji. Chokoleti inawadhuru wote wawili, na vitunguu pia.

Kwa afya yako wewe, ugonjwa wa kuangalia ni homa ya kasuku. Ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Uswisi mwaka 1879, na mwaka 1929 na 1930 ikaenea katika nchi nyingi pamoja na kasuku waliouzwa. Bakteria zake hukaa kwenye kinyesi kilichokauka na mavumbi ya manyoya, nawe huzivuta kwa pumzi. Dalili ni homa, maumivu ya kichwa na misuli, na kikohozi kikavu, na mara nyingine hugeuka kuwa homa ya mapafu. Inafanana na malaria au mafua, ndiyo sababu ni muhimu umwambie daktari kwamba una kasuku. Akijua, dawa zipo na hufanya kazi vizuri. Usipomwambia, atakutibu malaria. Mbwa huambukizwa kwa nadra, lakini usimruhusu kula mbegu na kinyesi kilichodondoka chini ya tundu. Karatasi ya chini ibadilishwe kila siku baada ya kulowanishwa, wala usifagie pakiwa pakavu.

Moshi ni adui mwingine. Kikaango kisichogandisha kikiachwa kwenye moto mkali bila kitu ndani hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kama ilivyo kawaida usiku wa baridi kule Nyansiongo, ni baya zaidi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliingia migodini na ndege wadogo hadi mwaka 1986, kwani ndege huzimia kwa hewa yenye sumu kabla ya mtu. Ukimwona kasuku ameanguka kutoka kitini chake na jiko linawaka, usianze kumpepea. Fungua milango, toa watoto kwanza, kisha mbwa na kasuku.

La mwisho ni umri. Mbwa akiishi miaka 12 ameishi sana. Kasuku wa kijivu akitunzwa hupita miaka 40. Kwa hivyo kasuku mmoja huwaona mbwa watatu au wanne wakija na kuondoka katika nyumba hiyo hiyo, na kila anapofika mbwa mpya kazi huanza upya: kamba siku ya kwanza, tundu juu, mlango umefungwa, na kipande cha chakula mkononi kwa mbwa anayekubali kutazama pembeni.